Mkuki wa Mwenyewe

Hamida Shabani alipangiwa kufundisha hesabu Lushoto akiwa na miaka ishirini na saba. Alipanda kutoka Tanga na mabegi mawili na kikoti chepesi ambacho mwezi wa Juni kilimwumbua mbele ya wanafunzi, kwani kipindi chake cha kwanza alikifundisha meno yakigongana. Shule ilikuwa na chumba cha kompyuta chenye mashine kumi na moja, saba zikiwaka. Kwa kuwa yeye ndiye mgeni, alikabidhiwa ufunguo wa chumba hicho, na alasiri zake nyingi zikaishia humo, akijifundisha kuandika programu kwa masomo aliyoyapakua mtandaoni.

Mika Kristian alikuwa kijana wa Mtae aliyefanya kazi kwenye steshenari moja jirani na stendi. Alichapa barua za watu, alitoa kopi, na zaidi ya yote alitengeneza vijitabu vya ratiba za mazishi. Siku Hamida alipopeleka mtihani wa kidato cha pili ukatolewe nakala, aliona juu ya meza rundo la karatasi zilizoharibika, na nyuma ya ile ya juu kabisa kulikuwa na mchoro wa kalamu ya wino: mnyama mkubwa mwenye mgongo kama gome la mti na pembe za kinyonga.

"Huyu ni nani?"

"Bado hana jina, mwalimu."

"Anakula nini?"

Mika alimtazama vizuri. Waliowahi kuiona michoro yake walimsifu, au walimwambia aache kuchezea karatasi za tajiri. Hakuna aliyewahi kumwuliza mnyama wake anakula nini.

"Anakula sauti," alijibu. "Kijiji kikinyamaza, ujue ameshapita."

Gemu lao lilianzia hapo. Mika alichora, Hamida aliandika programu, na kwa miaka miwili walikutana Jumapili baada ya Mika kutoka kanisani, kwenye mgahawa ambao mwenye nao aliwaruhusu kutumia umeme ilimradi waagize chai. Watu walisema waliyoyasema, mwalimu wa Kiislamu na kijana wa Kilutheri kila Jumapili, lakini mezani pale palikuwa na mazungumzo ya madubwana tu. Gemu waliliita Ngome ya Ukungu. Mchezaji analinda kijiji kilicho juu ya ukingo wa mlima. Ukungu unapanda kutoka bondeni na ndani yake yanakuja madubwana. Kulikuwa na mapanga, pinde, kombeo, na silaha moja ambayo haikufanana na nyingine yoyote.

Hiyo ilikuwa ya Mika peke yake. Aliileta siku moja ikiwa imekamilika, mchoro na kanuni zake, wala hakusema ameitoa wapi. Iliitwa Mkuki wa Mwenyewe.

Mkuki huo haukosi. Ukiurusha kwenye ukungu mzito, mahali usipoona kitu, utampata aliyemo. Dubwana linalohitaji mapigo thelathini ya panga huanguka kwa mkuki mmoja. Lakini haurudi. Aliyeurusha lazima ashuke bondeni kwa miguu yake, mikono mitupu, akauchomoe palepale ulipoingia. Mwenzake hawezi kumchukulia. Na wakati anashuka, lango la kijiji linabaki wazi nyuma yake. Kisha kulikuwa na jambo la mwisho, ambalo Hamida hakulipenda tangu siku ya kwanza: mara moja moja, atakayekutwa amelala na mkuki mwilini si dubwana. Ni msafiri aliyekuwa akipanda kuelekea langoni. Mchezaji akimwahi, anaweza kumponya. Akichelewa, basi.

"Hii ni roho mbaya," Hamida alimwambia.

"Ni kanuni tu, mwalimu."

Mwezi wa Mei walipata habari kwamba kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa na shindano la magemu ya simu, na washindi wangesaidiwa kuyasambaza. Hamida aliamua kulijaribu gemu kwa wanafunzi. Aliwakusanya ishirini na wawili wa klabu ya kompyuta, akawapa zamu kwenye zile mashine saba, naye akakaa nyuma na daftari. Upande wa kushoto aliandika nguvu za kila silaha, upande wa kulia upungufu wake. Panga lilijaza mistari miwili. Mkuki ulijaza kurasa tatu.

Kila mmoja aliutaka. Hilo lilionekana wazi, kwani chumba kizima kilipiga kelele mara ya kwanza ulipozama kwenye ukungu na dubwana likaanguka bila hata kuonekana. Lakini kati ya wale ishirini na wawili, kumi na wanne walikufa njiani wakiufuata. Watano waliuweka pembeni wasiuguse tena. Mmoja alimkuta msafiri, akavua vidude vya masikioni, akasema amechoka.

Jenoveva, msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa hodari kuliko wote, ndiye aliyetoa hukumu. "Madam, huu mkuki ni mtamu wakati wa kuurusha. Ukishaurusha tu unajuta."

Jumapili iliyofuata Hamida aliliweka daftari mezani, katikati ya vikombe.

"Kuushuka ule mlima kunachukua dakika moja na nusu," alisema. "Dakika moja na nusu mchezaji hapigani, hapati kitu, anatembea tu. Wanaondoka, Mika. Nimewahesabu."

"Nimeona."

"Basi tufanye urudi wenyewe. Ukirushwa, upige, urudi mkononi. Kama ni lazima uwe na gharama, tupunguze idadi. Mara tano kwa siku, kwa mfano."

Mika aliisoma ile safu ya kulia pole pole, akifuatisha kwa kidole kama mtu anayesahihisha majina ya wafiwa kwenye ratiba. "Umeandika kutembea ni upungufu," alisema.

"Si ndivyo?"

"Hiyo dakika na nusu ndiyo silaha yenyewe. Kurusha kila mtu anaweza."

"Hayo ni maneno mazuri, lakini mtoto wa kidato cha tatu hachezi maneno."

Mika alilifunga daftari, akamrudishia. Hamida alimfahamu, akajua kwamba hajakubali. Angeweza kumwuliza kwa nini. Alikuwa ameuliza kila kitu kuhusu mkuki ule: uzito wake, kasi yake, pembe ya kuurusha, uwezekano wa kumpata msafiri badala ya dubwana. Swali hilo moja halikumjia, au lilimjia akaliona linachelewesha kazi.

Wiki ile ile Mika aliitwa nyumbani. Baba yake, Mzee Kristian, alikuwa ameanguka kwenye ngazi akipandisha mahindi darini, nyonga ikamwuma asiweze kukanyaga. Mika aliondoka Alhamisi. Mwisho wa kutuma magemu ulikuwa Jumatano ya wiki iliyofuata. Ijumaa Hamida alimwandikia kwamba anataka kuubadilisha mkuki, na baadaye siku hiyo akapokea ujumbe wa sauti wa Mika uliojaa upepo, kama aliyekuwa amesimama ukingoni kutafuta mtandao.

"Mwalimu, naomba usiuguse mkuki kwanza. Narudi Jumatatu. Kuna jambo nataka nikueleze, lakini si la kwenye simu. Nisubiri, tafadhali."

Kutoka Jumatatu hadi Jumatano ni siku mbili. Muda ulitosha kabisa. Hamida alijua hivyo, na baadaye hakujidanganya kwamba hakujua. Alichohofia ni kwamba Mika angekuja, wangekaa, angesema maneno yake machache kwa ile sauti ya taratibu, naye angelegea. Basi Jumamosi asubuhi alifungua chumba cha kompyuta, akafuta mteremko, akafuta lango lililobaki wazi, akamfuta msafiri. Kufika adhuhuri mkuki ulikuwa ukirudi mkononi kama ndege aliyefugwa. Aliujaribu mara ishirini, ukapendeza. Akalituma gemu likiwa na majina yote mawili, kisha akaenda kuswali.

Jumatatu Mika alifika akiwa bado na vumbi la safari.

"Nimeshatuma," Hamida alimwambia kabla hajakaa. "Mtandao ulikuwa mzuri, nikaona nisibahatishe."

Mika alisimama kidogo. "Na mkuki?"

"Upo," alisema Hamida. "Nimerekebisha vitu vidogo vidogo tu."

Mika aliliamini neno hilo. Alivuta kiti, akaagiza chai, akasimulia hali ya baba yake. Lile jambo alilotaka kulieleza hakulieleza, kwa kuwa aliona halina haraka tena.

Gemu lilichaguliwa. Waamuzi waliisifu michoro, na mmoja aliutaja mkuki kwa jina. Mwezi wa Septemba likaingia kwenye simu za watu, na kwa hesabu ya daftari Hamida alikuwa sahihi, kwani watu walikaa, walicheza, walirudi kesho yake. Wengi waliandika kwamba silaha wanayoipenda kuliko zote ni ule mkuki.

Mika alilifungua kwenye simu yake akiwa kazini. Mwenye steshenari ndiye aliyemsimulia Hamida baadaye: kwamba kijana alirusha mara moja, akangoja, akarusha tena, akaiweka simu kifudifudi juu ya meza. Alimaliza kijitabu cha msiba alichokuwa akikitengeneza, akakichapa nakala zote, akaomba ruhusa. Kesho yake hakuja. Simu ya Hamida hakuipokea siku hiyo wala wiki mbili zilizofuata.

Jumamosi ya wiki ya tatu Hamida alikwenda Mtae. Basi lilipita Mlalo, likaendelea kupanda kwa barabara ya mawe na makorongo, na lilipofika alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Alielekezwa nyumba. Nje, kwenye kigoda, alikaa mzee mwembamba mwenye fimbo magotini, akipukuchua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Onga mshi." Mzee alitabasamu alipoona hakuelewa. "Nakusalimu kwa kwetu. Wewe ndiye mwalimu wa Mika."

"Ndiye mimi. Poleni na kuugua."

"Tumeshapoa. Mika yuko shamba, anarudi sasa hivi. Kaa."

Alimwita mkewe, Mama Modesta, aliyeleta chai na viazi vya kuchemsha, akarudi jikoni. Mzee Kristian aliendelea na maharage yake. Alikuwa mtu asiyeogopa ukimya, kama mwanawe. Kisha akasema, "Mika aliniambia habari za ule mchezo wenu."

"Alikuambia nini, baba?"

"Alisema kuna mkuki. Akasema mtu akirusha ni lazima ashuke mwenyewe akaone amempata nani. Alikuja kuniomba ruhusa, nilipokuwa nimelala na hii nyonga. Alitaka ruhusa ya kukusimulia wewe, ili ujue umetoka wapi. Nikamwambia mwambie. Najua ameshakwambia."

Hamida alikishika kikombe kwa mikono miwili. Hakusema ndiyo wala hapana, na mzee, akidhani anazungumza na mtu anayeijua habari, akaieleza kama watu wanavyorudia habari ya msiba, kwa vipande.

Nguruwe mwitu walikuwa wakimaliza mahindi ya kule bondeni. Yeye na mdogo wake, Emanueli, walikuwa wakipokezana kulinda. Siku ile zamu ilikuwa ya mzee. Ilikuwa kama saa kumi alasiri, ukungu umefunga, na mahindi yakatikisika. Akarusha mkuki. Akasikia kishindo na mlio.

"Nguruwe aliyejeruhiwa ni mbaya kuliko simba," alisema mzee. "Hilo kila mtu analijua. Humfuati kwenye ukungu. Nikapanda nyumbani, nikanawa, nikala. Nikasema nitamfuata asubuhi. Emanueli alikuwa amekuja kuniletea chakula, akapitia njia ya chini."

Aliacha kupukuchua.

"Alikuwa amelifunga paja kwa shati lake. Amejikokota hatua nyingi tu kuja juu. Mganga wa zahanati alisema ningekwenda palepale, angepona. Serikali iliona ni ajali, na kweli ni ajali. Kurusha ni ajali. Kutokwenda..." Alitikisa ungo, maganda yakapeperuka. "Mika alikuwa bado kuzaliwa. Kakulia ndani ya habari hiyo. Aliponiambia kwenye mchezo watoto watafundishwa kwenda, nikasema vizuri. Unao kwenye simu? Nionyeshe na mimi. Macho si mabaya."

Simu ilikuwa mkobani, imejaa chaji. Hamida aliitoa, akaishika bila kuiwasha.

"Imezima, baba," alisema. "Imeisha chaji njiani."

Wakati huo huo Mika alitokea kwenye kona ya nyumba na jembe begani. Alimwona Hamida, akaiona simu mkononi mwake, akaelewa alichoulizwa na alichojibu.

"Simu za mjini hazikai na chaji, baba," alisema. "Siku nyingine."

Alimsindikiza hadi njia kuu. Upande mmoja wa ukingo ulionekana uwanda wa Mkomazi, mkavu na mweupe kwa jua, upande wa pili mawingu yalikuwa yameshaanza kujaa bondeni.

"Kwa nini hukunieleza, Mika? Miaka miwili."

"Si habari yangu. Ni ya mzee. Nilisubiri aniruhusu."

"Ningejua nisingeubadilisha."

"Najua." Hakusema kwa hasira. "Lakini nilikuomba unisubiri, mwalimu. Nilidhani kuomba kunatosha. Halafu nikakuuliza mkuki, ukaniambia upo."

"Nilikudanganya."

"Ndiyo."

"Nisamehe."

"Nimeshasamehe. Siku ile ile nilisamehe. Ila nikishika kalamu sasa hivi mkono unakataa, sijui nikuambieje. Wewe ulikuwa mtu wa kwanza kuniuliza wanyama wangu wanakula nini."

Hamida alilia akitazama pembeni, kwa upande wa uwanda. Mika alisimama naye bila kumharakisha. Kulikuwa na gari la mzigo linaloshuka Lushoto. Alizungumza na dereva, akamfungulia mlango, akarudi nyumbani.

Hamida aliwaandikia watu wa kampuni akiwaomba wamruhusu aurudishe mkuki wa zamani. Walimjibu kwa adabu. Wachezaji wameuzoea huu uliopo, walisema, na mkataba alioutia sahihi ulisema mabadiliko makubwa yangepitia kwao. Walimwambatanishia chati. Zilikuwa hesabu zile zile za daftari lake, ila zilikuwa kubwa zaidi.

Likizo ya Desemba hakushuka Tanga. Mama yake alinung'unika, naye akasingizia kusahihisha mitihani. Alikaa chumba cha kompyuta siku kumi na saba, akaujenga tena mteremko hatua kwa hatua, lango lililo wazi, msafiri na shati lake. Lilikuwa gemu la simu moja tu, lisilouzwa wala kuonekana na mtu mwingine. Alimtumia Mika na maneno machache: ni la mzee, kama bado anataka kuliona. Alama za kusomwa zilitokea. Jibu halikuja.

Mika alipiga simu katikati ya Januari, mchana, Hamida akiwa anatoka darasani. Alisimama ukumbini na chaki mkononi.

"Nilimwonyesha," alisema Mika. "Alirusha mwenyewe. Nikamwambia sasa unashuka, akawa anaelekeza kwa kidole, pita huku, pita huku, kama njia anaijua."

"Alifika?"

"Hapana. Alifika nusu ya mteremko, akasema nizime. Akaingia ndani akalala. Siku mbili hakuzungumza vizuri. Jana ndiyo ameamka akaomba uji."

"Mungu wangu. Mika, mimi sikukusudia..."

"Najua hukukusudia. Hata mimi nilidhani atafurahi. Nimekupigia kwa sababu asubuhi hii ameniambia nikushukuru kwa kazi. Nimeufikisha ujumbe."

Wanafunzi walikuwa wakitoka madarasani, wakimsalimia Hamida shikamoo mmoja mmoja, naye akiitikia kwa kichwa.

"Steshenari wanakuulizia," alisema. "Kwenye mashine yako hajakaa mtu."

"Nimeanza kulima vitunguu. Nadhani nitabaki huku."

"Na kuchora?"

"Sijui, mwalimu. Labda baadaye."

Hamida aliitia chaki mfukoni. Akamwambia amsalimie mzee na mama. Mika akasema atawasalimia.